Mawe Ndani ya Birika

Kwa miaka mingi kazi yangu ya Alhamisi jioni ilikuwa kusugua birika. Nilitoka kituo cha maziwa, ambako nilikuwa nimesimama tangu kabla ya jua kuchomoza nikipima maziwa ya wakulima, nikapita nyumbani kubadilisha viatu, nikachukua brashi na ndoo, nikateremka bondeni. Nilifungua mfereji wa chini, nikasubiri maji yatoke, kisha nikaingia na kuanza kukwangua utelezi wa kijani kwenye ngazi. Utelezi ule ulikuwa na bidii kunishinda. Mgongo uliniuma, vidole viliganda, na hakuna aliyewahi kunishukuru, kwa kuwa hakuna amshukuruye mtu kwa ngazi ambayo hakuteleza. Nasema haya mapema nisije nikatwikwa utakatifu ambao sikuwa nao.

Sisi ni Wayahudi. Najua jinsi sentensi hiyo inavyosikika ikitoka kwa Mkikuyu wa pande za Mweiga, mwenye shamba la viazi na ng'ombe wawili. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Alianza kusoma Maandiko kutoka mwanzo, kama alivyoshauriwa, ila yeye hakufika mwisho; alisimama katikati, akarudi mwanzo, akaanza tena. Kwanza alihamia Jumamosi. Kisha akaacha nyama ya nguruwe, ambayo hata hivyo hatukuwa tukiila mara nyingi. Kisha akaandika barua Nairobi, kwa Wayahudi wenyewe, nao wakamjibu kwa adabu na kumtumia vitabu vya sheria. Ilikuwa miaka ile watoto wa shule walipokuwa wakipewa maziwa ya pakiti, na mtu alichekwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Tulichekwa, lakini nyumba tisa zilimfuata Baba, na baada ya muda majirani walichoka kucheka, wakawa wanatuazima majembe kama kawaida.

Birika lilikuwa wazo lake. Wanaume wa Kiyahudi wana desturi ya kuzama ndani ya maji kabla ya Sabato, na hasa mkesha wa Siku ya Upatanisho, ile siku tunayofunga na kuungama. Si amri, ni desturi, na wengi duniani wanaishi vizuri bila hiyo. Nilimwambia Baba hivyo. Aliniambia kwamba mtu anayetafuta njia ya kukwepa maji atapata nyingi. Basi tukachimba pale chemchemi inapotokea, tukajenga kwa mawe, tukatia ngazi nne, tukazungushia mabanzi ya mbao na kuezeka mabati. Maji yale yanatoka milima ya Nyandarua, na baridi yake haina huruma kwa mkubwa wala kwa mdogo. Tuliliita birika, kama lilivyo kwenye Maandiko, na wake zetu wakauliza chai itakuwa tayari saa ngapi.

Sheria ya kuzama ni kwamba kitu chochote kisikae kati ya ngozi na maji. Pete inavuliwa, kucha zinakatwa, plasta inabanduliwa, na mtu anaingia uchi kama alivyozaliwa, anazama mpaka unywele wa mwisho. Baba alishika sheria hiyo kuliko alivyotakiwa. Alisema, "Hata uzi." Fundi mmoja wa mbao, mwanamume mnene mwenye haya nyingi, aliwahi kuomba aruhusiwe kubaki na kaptura. Alikuwa na kidonda cha zamani mguuni, alikifunga kitambaa mwaka hadi mwaka, na hakutaka kitazamwe. Baba alimkatalia mbele ya wote. Alimwambia maji si duka la nguo. Watu walicheka, fundi naye akacheka, na lile jambo likaisha, au nilidhani limeisha.

Lakini uchi ule haukuwa wa kutazamwa. Hapa ndipo vitabu vya Baba vilipokutana na mambo ya babu zetu. Kwetu, mwana haoni uchi wa baba yake. Hata kwenye mto wa zamani, wa rika moja walioga pamoja, na wazazi wao walikwenda mahali pengine, na mkwe asingethubutu hata kupita karibu. Jioni moja Baba aliingia jikoni na kitabu mkononi, kidole kikiwa katikati ya kurasa, akamwambia Mama kwamba wazee wa Kiyahudi nao walikataza mtu kuoga pamoja na baba yake, na pamoja na baba mkwe wake. "Unaona?" alisema. "Hawa watu walikuwa na haya kama sisi." Sijawahi kumwona akifurahi vile. Nafikiri siku hiyo ndiyo alipoamini kweli kwamba hakuwa amepotea njia.

Kwa hiyo tuliweka utaratibu. Waliingia mmoja mmoja, mkubwa kwanza. Mimi nilisimama nje, mgongo kwenye mlango, kuangalia mtu asimwingilie mwenzake. Aliyekuja alikohoa akiwa mbali. Aliyemaliza alikohoa akiwa amevaa. Nami, kwa kuwa nilikuwa bawabu, niliingia mwisho.

Ukisimama hivyo kila Ijumaa unajifunza watu kwa masikio. Nilijua nani anashuka ngazi haraka ili yaishe, nani anasimama kwenye ngazi ya pili akijisihi. Nilijua sauti ya mwili mzima ukizama. Na nilijua ile pumzi. Hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenye maji yale bila kuvuta pumzi kwa nguvu, hata wale waliojifanya mashujaa. Inakutoka yenyewe, kama kupiga chafya.

Baba hakuwa akiingia peke yake wakati huo. Alikuwa na rafiki wa rika lake, mzee waliyetahiriwa naye mwaka mmoja, na watu wa rika moja hawafichani. Waliingia wawili, wakashikana mikono kwenye ngazi, wakazama kwa zamu, na mara nyingine niliwasikia wakichekana habari za matumbo yao. Kisha macho ya yule mzee yakaanza kufifia. Binti yake aliyeolewa Mukurweini akaja kumchukua akamtunze. Ijumaa iliyofuata Baba aliingia birikani peke yake, na taulo yake imeviringwa chini ya kwapa.

Mawe ya mto nilianza kuyakuta baada ya hapo. Niliposugua sakafu ya birika Alhamisi, nilikuta jiwe moja, laini, la ukubwa wa nusu mkate. Alhamisi nyingine jingine. Yenye kona nilikuwa nikiyakuta tangu zamani, nikidhani ni mabaki ya ujenzi. Niliwalaumu watoto wa jirani. Nilikwenda mpaka kwa mama yao nikagomba, naye akaniambia watoto wake wana kazi za kufanya, na mimi je? Niliyatupa mawe kichakani nikiwa na hasira. Mtu aliyechoka hapeleki mawazo mbali.

Siku niliyojua haikuwa na jambo lolote la pekee. Mvua ilikuwa imepita, mabati yalikuwa yakidondosha. Baba aliingia. Nikasikia viatu vikivuliwa, kimya kidogo, kisha chubwi. Na baada ya chubwi, sikusikia kitu. Nikangoja ile pumzi. Nikasikia maji yakichotwa kwa kiganja na kumiminwa kichwani, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto. Kisha kikohozi. Akatoka amevaa, nywele zikidondosha, taulo imelala nyepesi begani. Alinipita akasema, "Maji ni mazuri leo." Shingo yake, chini ya ukosi, ilikuwa kavu.

Lililozama lilikuwa jiwe. Yule aliyesema hata uzi. Nilikasirika kwanza, nakiri, na hasira yangu haikuwa ya dini. Nilifikiria ngazi zile nne na magoti yangu juu yake kila Alhamisi. Baadaye usiku ule hasira ilipoa nikaona kilichokuwa wazi tangu mwanzo: magoti yake yalikuwa yamekwisha. Nyumbani alishika ukuta akienda chooni. Hangeweza kushuka ngazi zile peke yake, hangeweza kumwita mtu wa kumshika, na hangeweza kuingia na shuka kiunoni ili mimi nimshike, kwa sababu ni yeye aliyemkatalia fundi kaptura yake. Alikuwa amejijengea zizi na kujifungia ndani.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba siri ya mtu birikani ni siri, na kwamba nikisema nimesikia, ni kama kusema nimeona. Hiyo ilikuwa sababu nzuri. Sababu nyingine ni kwamba sikuwa na nguvu za kumkabili. Ijumaa zikapita, mavuno mawili yakapita, nami nikawa natoa mawe birikani bila kugomba na mtu.

Ila Baba alibadilika. Yeye ndiye aliyetuongoza katika sala, na sauti yake ilianza kupungua. Siku ya Upatanisho iliyotangulia alisimama mbele yetu akashindwa kumaliza maungamo. Alisema njaa, akaketi. Mama aliniambia anaamka alfajiri na kukaa kitandani akiangalia ukuta. "Babako iko na kitu," alisema. "Na sio ugonjwa." Nilijua kitu chenyewe. Mwaka ulikuwa unazunguka tena, siku ile ilikuwa inakuja, na nilianza kuogopa kwamba hataweza kusimama. Mtu aliyewatoa watu wa nyumba tisa kanisani hawezi kuketi mara mbili.

Nikapanda gari mpaka Nyeri, na jingine mpaka Mukurweini, kumwomba yule mzee wa rika lake arudi japo kwa siku moja. Nilimkuta ameketi kwenye kiti nje ya nyumba ya binti yake, kati ya migomba, akisikiliza redio. Macho yalikuwa yamekwenda kabisa, na miguu ilikuwa imevimba. Nilipoyaona hayo sikuomba tena. Nilimsalimia tu, nikakaa. Lakini wazee wana pua.

"Umetoka Mweiga kuja kuniangaria tu?" aliuliza. "Babako ameanguka kwa maji?"

"Hajaanguka."

"Basi haingii."

Alizima redio.

"Ningekuja, lakini sasa hata mimi nashikwa nikienda choo. Huyu msichana wangu ananiosha." Aliinua kidevu kuelekea jikoni, ambako binti yake alikuwa akimenya ndizi. "Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nikamwambia maji ni baridi, aongeze moto. Mwambie babako mficha uchi hazai."

"Siwezi kumwambia hivyo, mzee."

"Najua huwezi. Ndio nakuambia wewe."

Mkesha wa Siku ya Upatanisho nilimwomba Baba ateremke saa moja kabla ya wengine. Nilisema ngazi ni nzuri zikiwa hazijakanyagwa. Alikuja na fimbo yake, taratibu, taulo chini ya kwapa, nami nilikuwa nimesimama mlangoni mahali pangu. Alikohoa. Kwa kawaida ningegeuza mgongo. Sikugeuka.

"Baba," nilisema, "hiyo taulo leo ni nzito."

Ndege mmoja alikuwa akipiga kelele mahali fulani juu ya bonde, na ninakumbuka nilimchukia.

"Weka jiwe chini, tafadhali."

Aliketi kwenye benchi ya nje, ile ya kungojea zamu. Alilifungua jiwe kwenye taulo, akaliweka karibu na mguu wake kwa uangalifu, utadhani ni yai.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mahindi ya mwaka juzi."

"Na ukanyamaza."

"Wewe ndio ulitufundisha kunyamaza."

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Kuanguka si kitu," alisema. "Mtu mzee anaanguka. Lakini nianguke huko ndani nikiwa hivyo, niite, na mkuje nyinyi watoto kunibeba. Hiyo ndio siwezi." Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Na kesho siwezi kusimama mbele yao nikiwa mwongo. Mwaka jana nilijaribu. Mdomo ilikataa."

Nilimwambia nitaingia naye na sitaona kitu. Nilimkumbusha ile habari ya mzee aliyelewa divai akalala uchi hemani, na wana wawili wenye adabu wakamwendea kinyumenyume wakiwa na vazi, nyuso zimegeuka. Baba alikuwa ameifundisha habari hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

"Hao hawakuwa na ngazi," alisema.

Alikuwa sahihi. Alitangulia ndani akavua nguo, nikakohoa, nikaingia kinyumenyume, mkono mmoja ukipapasa mabanzi. Nilimpita nikimpa mgongo, uso kwenye maji, nikapata ngazi ya kwanza. Nilipata ya pili. Ya tatu, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisugua siku iliyotangulia nikiwaza kulala, iliniponyoka, nikaingia majini na nguo zangu zote, koti na saa. Baridi ilinikata maneno. Na nikahisi mkono umenikamata ukosi kutoka nyuma na kunivuta juu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu akajinyoosha, mzee ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha, akanishika kama mtu anavyoshika ndama.

"Huyu ndiye bawabu," alisema. Nikamsikia akicheka. Miaka miwili sikuwa nimesikia kicheko kile.

Nilifunga macho, nikavua skafu shingoni nikaizungushia macho mara mbili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimeyaingilia na nguo, kwa hiyo sikuwa na pa kurudi. Nikanyoosha mikono. Alinipa yake. Alishuka ngazi moja, nyingine, uzito wake wote ukiwa juu ya viganja vyangu, na uzito wenyewe haukuwa mkubwa. Hilo lilinishtua kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kumbeba mwanamume aliyenipiga nikiwa mtoto, aliyepasua kuni za nyumba mbili, na niliyepewa alikuwa mwepesi kama kikapu kilichomwagwa viazi. Nilimshika vifundo vya mikono kwa nguvu zangu zote.

Alisimama katikati, maji kifuani. Akasubiri. Nami nikasubiri.

"Unanishika hivyo, maji haifiki hapo," alisema.

Nilijua. Sheria inasema anayemshika mwenzake sharti alegeze, ama ile sehemu iliyo chini ya kiganja itakuwa haijazama, na kuzama kote kutakuwa bure. Nilikuwa nimesahau, au sikutaka kukumbuka. Nilisema nitalegeza kidogo tu.

"Kidogo si kuzama. Niachilie."

"Ukiteleza sitakuona."

"Baba, niachilie."

Mimi ni kifungua mimba wake, nilipewa jina la baba yake, na kwetu mzazi humwita mtoto wa namna hiyo baba. Alikuwa ameacha kuniita hivyo tangu nilipooa. Nilifungua mikono.

Nilisikia maji yakifunga juu ya kichwa chake. Nilisimama gizani na viganja vitupu nikihesabu, moja, mbili, tatu, na ninajua sasa kwamba haikuwa muda mrefu. Kisha maji yakapasuka na pumzi ikaja. Ile pumzi, kubwa, ya kelele, pumzi ya mtu aliyetoka chini. Nililia ndani ya skafu. Alinitafuta kwa kupapasa, akashika bega langu.

"Tena," alisema, kwa kuwa desturi ni mara tatu. Nikamwachilia tena, na tena.

Kesho yake alisimama. Alisimama tangu asubuhi, fimbo mkononi, na tulipofika maungamo hakuketi. Maungamo yetu husemwa kwa wingi: sisi tumekosa, sisi tumesema uongo, wote kwa pamoja tukijipiga kifuani, hata mtoto na hata mwema, ili mtu asianikwe peke yake na dhambi yake. Hata hapo kuna kusitiriana. Alipomaliza orodha inayojulikana, Baba alinyamaza kidogo, kisha akaongeza moja ambayo haikuwa kwenye kitabu. Alisema, "Tumetupa mawe mahali pa miili yetu."

Watu wakarudia, wengine wakidhani ni methali. Mimi pia nilirudia na kujipiga kifuani, na hapo nikasikia aibu ikinipanda mpaka masikioni. Sababu sijaisema bado. Mimi nilikuwa nikiingia mwisho, niwakumbushe, baada ya wote kwenda kuvaa nguo za Sabato. Hapakuwa na mtu nje wa kusikiliza. Ijumaa nyingi, nyingi sana, niliingia mle nikaketi kwenye benchi ya ndani, nikavua viatu, nikatia miguu, nikatoka. Nilikuwa nimechoka, na maji yalikuwa baridi. Sikuhitaji hata jiwe.

Ijumaa iliyofuata fundi wa mbao alikuja mapema. Alikohoa mbali kuliko ilivyohitajika, akakaribia, akasimama akiangalia viatu vyake.

"Ile maneno mzee alisema," alianza. "Ya mawe. Ni nani alimwambia?"

"Alimwambia nini?"

"Ya kwangu." Alishika mguu wake, pale kitambaa kilipokuwa chini ya suruali. "Mimi hutupa. Tangu ile siku ya kaptura. Hii kidonda ikipata hiyo maji silali wiki mbili. Na nilisema, nikikosa kuingia, watu watajua."

Mawe yenye kona. Nilikuwa nimeyashika kwa mikono yangu mara nyingi, mawe ya aina mbili, na sikuwahi kujiuliza. Nilimwambia hakuna aliyemsema, kwamba mzee alikuwa na sababu zake. Aliniangalia sana, nikaona ameelewa, kwa sababu hakuuliza zaidi.

"Usimwambie," alisema. "Atajua ni juu ya vile alinikataza. Ataumia."

Nikamwahidi. Kuahidi ilikuwa rahisi. Kunyamaza ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiweza pale birikani. Tangu siku hiyo aliingia na kitambaa chake na kaptura yake, nikageuza mgongo, na sikumwambia mtu. Na Baba nilimshika kila Ijumaa kwa miaka minne, skafu machoni, mpaka alipokuwa haamki tena.

Wiki yake ya mwisho alilala chumba cha mbele, karibu na dirisha. Fundi alikuja kumwona jioni moja. Alileta kiti alichomtengenezea, cha kuogea, chenye mikono pande mbili, akakiweka kando ya kitanda ingawa wote tulijua hakitatumika. Baba alikishika, akasifu kazi. Kisha akatuangalia, kwanza fundi, halafu mimi.

"Nyinyi ni watu wazuri," alisema. "Niliwaleta mbali, na mkakuja na moyo safi. Mimi niliyewaleta ndiye mwongo peke yangu. Katika hizo nyumba zote, ni mimi tu."

Fundi aliinua macho kunitazama. Nami nikamtazama. Niliona midomo yake inasogea, na nina hakika yangu ilisogea pia. Nilikuwa nimemwahidi, kwa hiyo nilimsubiri yeye aanze. Yeye, aliniambia baadaye, alinisubiri mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwana. Na la kwangu mwenyewe, lile la miguu na benchi, ambalo sikuwa nimemwahidi mtu yeyote kulificha, nililiacha lilipokuwa. Mama akaingia na uji. Nikamwinua Baba kidogo ili anywe, nikavuta blanketi mpaka mabegani, kwa sababu shati lilikuwa limefunguka na kulikuwa na mgeni.

Alikufa Jumatano, akiamini hivyo.